Moko ni makisio ya mavuno, tusiyauze mavuno yakiwa mabichi

Ijumaa ya leo nimeona niliweke kando somo tulilokuwa nalo, ili nizungumze na wazazi wenye vijana wa kidato cha sita, hasa wale waliokwisha kuletewa karatasi za matokeo ya mtihani wa utimilifu, ule ambao watoto wenyewe wanauita moko.

Lililonisukuma ni jambo nililokutana nalo Magamba, kata iliyomo ndani ya Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi. Baada ya swala ya Ijumaa mzee mmoja, mkulima wa mahindi na karanga, aliningoja nje ya msikiti akiwa na karatasi aliyoikunja mara nne. Binti yake yuko bweni nje ya mkoa, anasoma tahasusi ya Historia, Jiografia na Kiingereza. Karatasi ilisema daraja la tatu, pointi 14. Mzee akaniambia kwa sauti ya chini: “Shehe wangu, nimeulizia, nimeambiwa chuo kikuu kinataka pointi nne. Binti yangu anazo kumi na nne. Hizo kumi zilizozidi atazipunguza vipi kwa miezi miwili?”

Kisha akanieleza lililo nyuma ya swali hilo. Amekuja mposaji kutoka mjini, kijana mwenye duka la pembejeo, mwenye heshima zake. Mzee alikuwa amefikia uamuzi wa kumwita binti nyumbani mapema, kwa hoja kwamba hakuna faida ya kutumia nauli na michango kwa mtu ambaye matokeo yake yamekwisha kujulikana. Alichotaka kwangu ni baraka tu.

Sikucheka, wala asicheke yeyote kati yetu. Kosa la mzee huyu ni kosa la hesabu ambalo nimeliona kwa watu wenye elimu kuliko yake, na linatokana na sisi wenyewe kuwa na mizani mbili zenye jina moja. Baraza la Mitihani la Tanzania huhesabu pointi kwa namna ambayo iliyo ndogo ndiyo bora: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Hujumlishwa masomo matatu ya tahasusi, na jumla ya 3 hadi 9 ni daraja la kwanza, 10 hadi 12 la pili, 13 hadi 17 la tatu, 18 na 19 la nne, na 20 na 21 ni sifuri. Tume ya Vyuo Vikuu nayo huhesabu kinyume, iliyo kubwa ndiyo bora: kwa waliomaliza kuanzia mwaka 2016, A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kima chake cha chini cha kuingia shahada ya kwanza ni ufaulu mkuu wa masomo mawili yanayohusika na kozi, yenye jumla ya pointi 4. Ufaulu mkuu ni kuanzia A mpaka E, S haimo.

Basi nikaketi na mzee kwenye baraza ya msikiti tukaifungua karatasi. Binti alikuwa na Historia 37, Jiografia 59 na Kiingereza 57. Kwa viwango vya Baraza, alama 35 hadi 39 ni S, 40 hadi 49 ni E, 50 hadi 59 ni D, 60 hadi 69 ni C. Ana S moja na D mbili: sita na nne na nne, kumi na nne. Ukimtazama kwa mizani ya vyuo, D mbili ni mbili na mbili, nne kamili. Mtoto ambaye baba yake alikuwa tayari kumtoa shule alikuwa amesimama juu ya kizingiti cha mlango wa chuo kikuu. Mzee alinyamaza kitambo, akaniomba nirudie hesabu. Nikairudia mara mbili.

Lakini sikutaka aondoke na furaha ya upesi, kwa sababu kusimama juu ya kizingiti si kuingia ndani. Hapa ndipo nilipomkumbusha jambo ambalo wanafunzi wa fiqhi wanalijua, na ambalo mkulima anaweza kulielewa kuliko mwanafunzi.

Katika mlango wa zaka mna somo linaloitwa kharsa, nalo ni kukisia tende au zabibu zikiwa bado juu ya mti, ili ijulikane zitakuwa kiasi gani zikikauka. Baada ya Khaybar kufunguliwa, mwaka wa 7 Hijria, na wenyeji wake kuachwa walime kwa mapatano ya nusu ya mavuno, Mtume (S.A.W) alimtuma Abdullah bin Rawaha (R.A) kwenda kuikisia mitende yao. Imam Malik amepokea kwamba wenyeji walimkusanyia mapambo ya wake zao ili awapunguzie, naye akayakataa. Na imepokewa katika Sunan za Abu Daud na Tirmidhi agizo kwa wakisiaji kwamba waache theluthi, na kama si theluthi basi robo, maana ndege watakula, upepo utaangusha, na mpita njia ataokota. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameikubali kharsa. Wenzetu wa madhehebu ya Hanafi wakaitilia shaka kwa kuwa ni dhana. Lakini hata walioikubali wameiwekea masharti: mkisiaji awe mwaminifu na mjuzi, na matunda yawe yameanza kuiva.

Mtihani wa utimilifu ni kharsa, na haukuwekwa kwa kazi nyingine. Ni mwalimu anazunguka mti mwezi wa pili au wa tatu, akitazama kilichoning'inia, akikadiria kitakachopimwa mwezi Mei. Kukadiria kwa ushahidi si kupiga ramli wala si kujitia katika elimu ya ghaibu, kama alivyowahi kuniambia kijana mmoja mkali wa maneno. Msafiri aliyeingiliwa na giza katika pori la kati ya Mpanda na Inyonga huitafuta kibla kwa nyota na kwa dhana yenye nguvu, na swala yake inasihi.

Sasa tazama hukumu ya pili, iliyo jirani kabisa na hiyo ya kwanza. Mtume (S.A.W) huyo huyo aliyetuma mkisiaji alikataza kuuza matunda kabla ya kudhihiri kuiva kwake. Kukisia kumeruhusiwa, na kufunga mkataba juu ya kisichoiva kumekatazwa. Watu wa Magamba wanaijua hasara hiyo vizuri. Mlanguzi huja wakati wa njaa, anatazama shamba la mahindi machanga, anataja idadi ya magunia, anatoa fedha, na wakati wa mavuno mkulima anasimama kando akihesabu magunia ya mwingine. Mzee wangu alikuwa amejifanya mlanguzi wa shamba lake mwenyewe. Alichukua makisio ya mwezi wa pili akataka kuyafungia mkataba wa maisha ya mtu.

Kuhusu posa nilimwambia maneno machache tu, kwa sababu yapo wazi. Binti huombwa idhini yake, na huyu hakuwa amesikia hata jina la mposaji. Pia tangu mwaka 2016 sheria ya nchi inamwadhibu kwa kifungo cha miaka 30 mtu anayemuoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Kijana wa duka la pembejeo akiwa ni mwenye heshima kama alivyosifiwa, kungoja hakutampunguzia kitu.

Turudi kwenye karatasi, maana humo ndimo mlimo na kazi.

Nilimuuliza mzee, kwa alama hizi, ukiwa ni wewe ungemwambia binti akazane somo gani? Akajibu bila kusita: Historia, kwa kuwa ndilo baya kuliko yote. Jibu hilo ndilo wangelitoa wazazi tisa katika kumi, na kwa mtoto huyu lilikuwa na dosari. Historia yake ilikuwa na karatasi mbili, ya kwanza 46 na ya pili 28, na shule yao huchukua wastani: 37. Ili apate E anahitaji wastani wa 40, yaani alama sita zaidi katika jumla ya karatasi mbili. Akizipata, pointi zake za Baraza zitashuka kutoka 14 hadi 13, nalo bado ni daraja la tatu, na upande wa chuo hakutabadilika kitu, kwa kuwa D zake mbili ndizo zinazomhesabia. Jiografia, kwa upande mwingine, ilikuwa 59. Alama moja tu inaifanya C. C na D ni tatu na mbili, tano. Na akiwa na tano, hata Kiingereza kikimteleza Mei kikawa E, atabaki na tatu na moja, nne, bado yuko mlangoni. Jiografia ikiteleza ikawa 49, atabaki na D na E, ambazo ni tatu, na mlango utafungwa, Historia yake ipande au isipande kufika E.

Kwa hiyo somo baya kuliko yote halikuwa ndilo linaloshika nguzo ya nyumba. Sisemi Historia iachwe. Tulimpigia simu mwalimu wa darasa lao, akatueleza kwamba mada mbili za karatasi ya pili zilikuwa hazijafundishwa kabisa moko ilipofanyika, sasa zimefundishwa. Hizo alama sita zipo, zitachumwa. Yote matatu yakienda vyema, C na D na E ni kumi na mbili, daraja la pili. Yakienda vibaya, Jiografia ikashuka na Historia ikabaki ilipo, ni daraja la tatu la pointi 15 na hana sifa ya kuanza shahada. Hayo ndiyo makisio ya haki: baina ya pili ya 12 na tatu ya 15. Mwenye kukwambia namba moja amekwambia kidogo kuliko anavyojua, au zaidi ya anavyojua. Ile theluthi au robo ya kharsa siichukui nikaikata katika alama za watoto, hiyo ni hukumu ya tende. Ninachochukua ni adabu yake, kwamba mkisiaji huacha nafasi. Alama iliyo karibu na mpaka, kama hiyo 59, isomwe kwa herufi mbili, kwa tumaini na kwa hadhari. Na mzazi aulize masharti ya kozi yenyewe, maana nne ni kima cha chini tu. Kozi kama udaktari zina masharti makali zaidi, na somo linalohesabiwa ni lile ambalo kozi imelitaja.

Yapo pia ya kuwaambia walimu, nami nimekuwa mwalimu, kwa hiyo nayasema kwa ndugu zangu. Kuna shule zinazosahihisha moko kwa mkono mzito makusudi, ili mtoto aogope asome. Kuna nyingine zinazosahihisha kwa mkono mwepesi ili wazazi wafurahi na uongozi usifiwe. Alama ni ushahidi. Abdullah bin Rawaha hakuongeza kwa kuwapenda watu wala kupunguza kwa kuwachukia, na wote wawili, anayezidisha na anayepunja, wanaharibu kitu kimoja: mtoto hajui tena amesimama wapi. Namjua kijana mmoja wa Fizikia, Kemia na Biolojia, aliyeletewa nyumbani daraja la kwanza la pointi 8 katika moko ambayo maswali yake yalikuwa yamekwisha kuzunguka bwenini usiku wa kuamkia mtihani. Babaye alichinja mbuzi. Mtoto akaacha kwenda kwenye mazoezi ya maabara, kwa kuwa daktari hahitaji kujikumbusha kuchanganya asidi. Matokeo yalipotoka yalikuwa ya daraja la tatu, na lililowauma zaidi baba na mwana ni aibu ya yule mbuzi.

Tena hata kipimo chenyewe kinaweza kubadilika baada ya makisio kuwa tayari. Wazazi wa mkoa huu hawajasahau matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa mapema mwaka 2013, ambapo takriban watahiniwa 6 katika kila 10 walipata sifuri. Waziri Mkuu wa wakati ule, Mizengo Pinda, mwenyeji wa Katavi hii hii, aliunda tume ya kuchunguza, na mwezi Mei serikali ikatangaza kuyafuta na kuyapanga upya, kwa kuwa utaratibu wa kupanga madaraja ulikuwa umebadilishwa. Ni mwaka huo huo wa 2012 ambapo matokeo ya Elimu ya Dini ya Kiislamu ya kidato cha sita yalitoka na kasoro ya ukokotoaji, na baada ya malalamiko Baraza likayarekebisha. Katikati ya miaka ya 2010 ukaja mfumo wa wastani, kisha mwaka 2016 tukatangaziwa kurejea kwenye madaraja. Ndiyo maana mjomba aliyemaliza 2015, mwenye B+ katika cheti chake, asitumike kumkadiria mpwa wake wa leo. Herufi zinafanana, lakini mizani si ile.

Nimeulizwa pia kuhusu kombe na visomo. Mama mmoja aliniletea sahani nyeupe na karatasi ya moko pamoja, akitaka nisomee “hizo pointi zishuke”. Dua siikatai, na mzazi anayemuombea mwanawe usiku yumo katika jambo kubwa. Lakini nilimuuliza kama ameitazama ile karatasi somo kwa somo, akasema hakuitazama, aliona jumla tu chini. Nilimsomea dua, kisha nikamsomea karatasi, na nadhani la pili lilimshangaza zaidi.

Nikiwa mdogo chuoni, mwalimu wetu wa Qur'ani alikuwa na desturi yake kabla ya siku ya kuhitimu mbele ya watu. Wiki kadhaa kabla alikuwa akituketisha mmoja mmoja, anatusikiliza juzuu nzima, na kila tunapojikwaa anatia nukta ya penseli pembeni mwa aya. Akimaliza anakurudishia msahafu wako bila kusema umepata au umekosa. Tulikuwa tukimsihi atuambie tutafaulu au la. Hakuwahi kusema, hata kwa mwanawe. Sisi tulirudi majumbani tukihesabu nukta, na yule aliyekuwa na nukta nyingi zaidi alijua kurasa zake za kulala nazo. Nikaja kusoma chuo kikuu, nikafundishwa nadharia za upimaji na tathmini kwa majina makubwa, na sikuona humo kitu ambacho penseli ile haikuwa imekwisha kunifundisha. Karatasi ya moko aliyoileta mzee wa Magamba ilikuwa na jumla na daraja kwa wino mwekundu, lakini skripti zenyewe, zenye nukta, zilibaki shuleni. Mzazi mwenzangu, hizo ndizo za kuomba. Mwambie mtoto arudi nazo, au azipige picha kwa simu ya mwalimu akutumie, mjue ni swali gani hakulijibu kwa kutojua, lipi kwa kukosa muda, na lipi kwa kulisoma vibaya. Alama 28 za mtu aliyekosa muda na alama 28 za mtu asiyefundishwa mada haziponi kwa dawa moja.

Mzee alinisikiliza mpaka jua likaanza kuinamia upande wa Shanwe. Akauliza: “Kwa hiyo, Shehe, hiyo ya Jiografia ni moja tu?”

Nikamwambia: “Ni moja tu, mzee wangu, lakini azitafute kumi, moja ya kuvukia na tisa za akiba.”

Akaniomba kalamu. Nyuma ya karatasi, pale palipokuwa peupe, akaandika 59, akachora mshale, akaandika 60, kwa mkono wa mtu asiyeandika mara kwa mara. Kisha akauliza kama dukani karibu na msikiti wanauza vocha, maana alitaka kumpigia binti kabla ya saa ya kujisomea ya usiku, walipokuwa wanaruhusiwa kushika simu ya matroni. Habari ya mposaji hakuitaja tena siku ile. Mtihani wenyewe ni Mei, na matokeo kwa kawaida hutoka Julai, wakati ambao magunia ya Magamba nayo yatakuwa yamekwisha kushonwa.